Mgeni Mmoja

"Mbona umetoa betri ya saa?"

Fundi friji alikuwa amesimama juu ya kiti sebuleni, saa ya ukutani kaikumbatia kifuani. Akateremka taratibu, akamtazama mchumba wake kwa lile tabasamu lililowahi kumfanya ashone pazia la mteja nje ndani.

"Si hupendi mlio wake, mpenzi. Tangu msiba wa baba yako."

"Nani kakuambia?"

"Anayependa mpaka aambiwe?"

Mshona mapazia akacheka ili asijulikane. Habari ya saa hakuwahi kumwambia mtu. Na hata angemwambia, angekuwa anamdanganya. Baba alifia hospitalini, na hakuna saa yoyote iliyowahi kumkosesha raha. Kisa kile alikitunga mwenyewe, siku alipokosa cha kuandika kwenye blogu yake.

Fundi alipoaga tu, akampigia dada yake simu.

"Dada, kuna mtu anasoma blogu yangu."

"Ile ya enzi zile? Mdogo wangu, watu wote wamehamia kwenye video, wewe umebaki kule kama mlinzi wa nyumba iliyohamwa."

"Yupo mmoja. Kila siku inaandika: wageni leo, mmoja. Nilidhani ni mtambo tu."

Hapo alidanganya. Kwa miaka alikuwa akimwandikia huyo mgeni mmoja, na kwa siri alimpenda.

"Haya, na huyo mgeni kafanya nini?"

"Anataka kunioa."



Ndipo mambo yakaanza kujipanga kichwani mwake. Fundi hubisha mara tatu hata mlango ukiwa wazi. Hutembea kushoto kwake. Humenya chungwa bila kukata ganda. Yote hayo yalikuwa kwenye kurasa zake za zamani, chini ya kichwa "Mwanamume nitakayempenda". Mwaka mzima alikuwa akimshukuru Mungu kwa kumletea mtu aliyekatwa kwa kipimo chake, kumbe kipimo alikitoa mwenyewe.

"Kadi zimeshagawiwa," dada alisema mwishowe. "Usimhukumu mtu kwa saa. Mtege kwanza."

Usiku huo mshona mapazia akaandika kwenye blogu: "Nimemwota mwanamume nitakayempenda. Alikuja mchana wa jua kali, kajifunika mwavuli mweusi."

Kesho yake jua lilikuwa la utosi, mbingu nyeupe, hakuna hata wingu la kusingizia. Alikuwa kwenye cherehani dukani aliposikia mlango ukibishwa mara tatu, nao ulikuwa wazi. Fundi alisimama kizingitini chini ya mwavuli mweusi, jasho likimchuruzika mpaka shingoni.

"Mvua imekukutia wapi?"

"Nimeona tu nije nao."

"Ulianza kunisoma lini?"

Hakukana. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kabla sijakujua sura. Nilikuwa nalala stoo ya kazini, sina ndugu wala rafiki. Nikakutana na maneno yako. Nikasema, huyu ananiita mimi."

"Na siku ile uliyokuja nikushonee pazia?"

"Kule stoo hakukuwa na dirisha."

Mshona mapazia akaogopa, na juu ya hofu hiyo, akamwonea huruma. Angelikuwa tapeli angemfukuza kwa fagio, yakaisha.

"Niambie kitu unachokipenda wewe. Nisichokiandika."

"Machungwa."

"Niliandika."

"Kutembea mvua ikikatika."

"Niliandika."

Macho ya Fundi yakazunguka dukani kama ya mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ngeni. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Niandikie basi. Niandikie ninachokipenda."

Mshona mapazia akavua pete, akaiweka kwenye kiganja cha Fundi.

"Harusi haipo. Mimi siwezi kuolewa na maneno yangu mwenyewe."

Hakubisha. Akatoka, akavuka barabara, akasimama upande wa pili, mwavuli juu, uso dukani. Wapita njia walimcheka, kisha wakaacha kucheka, wakawa wanampisha kwa mbali. Simu ikaita; habari zilikuwa zimeshamfikia dada.

"Nilete watu wamwondoe?" dada aliuliza.

"Hapana. Najua atakavyoondoka."

Akafungua blogu, akaandika: "Mwanamume nitakayempenda aliondoka mchana. Hakugeuka nyuma, wala hakurudi tena."

Ng'ambo ya barabara, Fundi akatoa simu mfukoni. Akasoma. Akasoma tena. Akakunja mwavuli na kushika njia, na hakugeuka nyuma.

Kesho yake ukurasa uliandika: wageni leo, sifuri. Na siku iliyofuata vilevile. Hapo ndipo alipolia, na hakuwa akimlilia mchumba, alikuwa akimlilia msomaji.

Dada akaja kumfariji. Akapika chai, akafungua madirisha, akamsema kidogo kwa kukonda. Kabla ya kuondoka akapanda kiti na kuirudishia saa betri.

"Nyumba isiyo na mlio inatisha," alisema.

Mlango ukafungwa. Mshona mapazia akakaa na kikombe chake, na saa ikaanza. Aliongeza sauti ya redio. Akahamia jikoni. Mlio ukamfuata huko huko, mmoja baada ya mwingine, mpaka kifua kikambana na pumzi ikawa haishuki, kama alivyowahi kuandika.

Akarudi sebuleni, akapanda kiti, akatoa betri.