Mkwe Wangu Aliiba Betri, Nikamwacha Aiunge

Mimi ni bibi wa miaka sitini na tisa, mzaliwa wa Didia. Nauza maziwa na soda baridi kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, huku Rwamgasa. Shule sijaikanyaga. Haya anayaandika jirani yangu, na nimemwonya asininyooshee maneno. Mnaotaka bibi mpole, fungeni ukurasa mapema...

Mume wangu alipofariki niliuza ng'ombe wote. Nikanunua Noah kuukuu na friza. Maduarani hakuna umeme, kwa hiyo fundi mmoja wa Geita akanifungia betri ya lithiamu nyuma ya gari. Gari likitembea, altaneta ya injini inaijaza umeme. Tukifika tunazima injini, betri inaendesha friza mpaka jioni. Hiyo ndiyo ilikuwa ng'ombe wangu aliyebaki.

Dereva alikuwa Shija, mume wa binti yangu Kabula. Sasa elewa jambo moja. Kwetu Wasukuma mama mkwe na mkwe wa kiume hawasogeleani. Hanitazami usoni, hali na mimi, akiniona njiani anapisha. Garini nilikaa nyuma na kreti, uso dirishani. Nikitaka kushuka namwambia Kabula, "Mwambie mumeo asimame." Naye Shija, aliyesikia kila neno, anasubiri aambiwe na mkewe ndipo akanyage breki. Vijana wa mjini mnacheka... chekeni tu.

Siku ya kufunga betri, fundi alinionyesha kiboksi chini ya kiti. Anaongelea puani yule kijana: "Bibi, hii ndiyo chaja. Lithiamu ina kiu ya ng'ombe aliyetoka machungani. Ukiiunga moja kwa moja bila hii, inainyonya altaneta mpaka altaneta inaungua. Gari likiwa limesimama huku linanguruma, ndiyo mapema zaidi, maana haipati upepo."

Shija alikuwa wapi? Nyuma ya ukuta. Mama mkwe amesimama pale, yeye atasogeaje? Hakusikia hata neno. Sikuona shida. Chaja imekazwa na nati, kazi yake yeye ni funguo.

Asubuhi moja tukakuta betri haipo. Waya zimekatwa, kiboksi kimebaki chini ya kiti. Shija akachuchumaa kando ya ukuta, akaongea na mchanga, akiniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, betili wamechukua wezi. Hata mimi loho inaniuma."

Nikamwamini. Ningeyaonaje macho yake, wakati ameyaficha kwa heshima?

Maziwa yakaharibika, nikayamwaga. Wachimbaji hawanunui soda ya moto. Friza ikawa sanduku la nguo. Kabula akauza vitenge vyake vya harusi tupate unga, na mumewe akaanza kulala nje, eti amepata kazi ya lori la mawe. Mwanangu akakonda nikimtazama. Mnajua uchungu wa kumwona mtoto wako anakonda?

Halafu nikasikia upande wa pili wa maduara kuna mwanamke ana gari la Probox, anauza soda baridi mpaka barafu. Nikamchukua Kabula, tukaenda kuona huo muujiza.

Foleni ya wachimbaji ilikuwa ndefu. Boneti iko wazi, na aliyeinama pale na spana ni Shija. Yule mwanamke anampangusa jasho: "Baby, usichoke jamaniii." Na kwenye buti la nyuma ilikaa betri yangu, na alama ileile ya duara aliyoiunguza Kabula alipoweka juu yake sufuria ya chai.

Kabula akataka kupiga yowe. Nikamziba mdomo, kwa sababu nilikuwa nimeona kingine. Waya umetoka altaneta moja kwa moja mpaka kwenye betri. Chaja hamna. Na injini inanguruma, gari limesimama, jua la saa saba.

Nilipaswa kumwambia? Mama mkwe ampigie mkwe kelele hadharani? Aibu iliyoje. Siku hiyo nilikuwa na adabu kuliko watu wote wa Usukuma. Nikajifunika kitenge, nikanunua soda ya betri yangu mwenyewe, nikakaa juu ya jiwe. Ilikuwa tamu, siwafichi.

Harufu ikaja kwanza, kama ngozi iliyoangukia motoni. Kisha moshi kwenye altaneta. Shija akakimbilia kuzima, akaungua vidole. Wachimbaji wakacheka: "Fundi, unachoma nyama? Weka na ya kwetu!"

Mwanamke akageuka. Ile baby ikaisha. "Shija, umeniunguzia gari? Ulisema betri yako, umenunua kwa jasho lako!" Akaing'oa, akaibwaga mchangani. "Chukua takataka yako, usikanyage kwangu tena."

Nikasimama, nikafunua kitenge. Nikasema, takataka hiyo ina mwenyewe. Wachimbaji wawili waliokuwa wateja wangu wakaibeba mpaka kwangu. Ilikuwa nzima.

Jioni Shija alikuja mpaka mlangoni, vidole vimefungwa kitambaa. Mara ya kwanza tangu aoe, alinitazama usoni. "Mayu, ulikuwa unajua. Mbona hukuniambia?"

Kabula ndiye aliyemjibu. Alimtupia begi lake la nguo, akafunga mlango.

Sasa betri imerudi kwenye chaja yake, na Kabula anajifunza kuendesha ile Noah. Anagonga mawe, anazima njiani, lakini soda zinafika baridi. Wengine wananiambia ningesamehe, mkwe ni mtoto. Sijasamehe. Nikikumbuka mwanangu akikunja vile vitenge kwenda kuviuza, natamani altaneta ingeungua mara mbili.

Ila akina mama wenzangu, nawaomba. Mila zetu zishikeni, mimi bado nazishika. Lakini mali inayowalisha msimkabidhi mtu ambaye hamruhusiwi kumtazama macho. Atainama mbele yenu, nanyi mtasema ana heshima... kumbe anatafuta pa kukata waya.