Aliyelipulizia Bomba

Mtaa mzima ulimwita Bisibisi, naye alidhani wanamsifu. Kazi yake ilikuwa kuendesha lori la saruji. Ufundi aliuokota kwenye video za simu, amejilaza kwenye kochi, na tangu hapo hakukuwa na fundi duniani asiyekuwa mwizi au mjinga. Aliyejaribu kumshauri aliambulia mdomo uliobetuliwa.

Siku hiyo ilianza kama siku nyingine yoyote ya joto. Mama mkwe wake, mwenye kifua kibovu, alilala chumba cha nyuma, kiyoyozi kimekufa, madirisha wazi, hewa imesimama. Daktari alishasema wazi kwamba joto litammaliza huyu mama. Ndipo binti yake, mke wa Bisibisi, akaita fundi bila kuomba ruhusa ya mtu.

Fundi alifungua kifuniko, akachungulia, akazunguka nyuma ya nyumba. Kutoka ukutani, chini karibu na msingi, lilichomoza bomba jembamba la kutolea maji ya kiyoyozi. Mpangaji aliyetangulia alikuwa ameliziba kwa kitambaa cheusi, fundo juu ya fundo, kisha akapaka lami. Fundi akainama, akatega sikio. Alipoinuka alikuwa anakusanya vyombo vyake.

"Hii siigusi, mzee."

"Huigusi kwa nini?" Bisibisi akauliza.

"Aliyeziba hapa hakuwa anazuia maji."

Akaondoka bila kudai hata nauli. Bisibisi akatema mate nyuma yake.

"Mwoga mkubwa! Bomba limezibwa, maji yanarudi ndani, mashine inajizima. Hilo hata mtoto wa chekechea angeliona."

"Tumwite mwingine, mume wangu," mkewe akasema.

"Wote hao mama yao mmoja. Lete kisu."

Akakikata kile kitambaa. Halikutoka tone. Akachokonoa kwa waya. Waya uliingia wote, halafu ukavutwa kidogo kutoka upande wa pili. Akasema umenasa. Basi akafanya wanalofanya mafundi wa kujifundisha wenyewe: akafuta mdomo wa bomba kwa shati, akapachika midomo yake hapo, akapuliza.

Bomba likapokea.

Akapuliza tena. Safari hii pumzi haikuisha. Ilivutwa, taratibu, bila pupa, kama mtoto anavyonyonya. Alipojibandua, midomo yake ilikuwa imevimba, nayo ya baridi.

"Limezibuka," akasema, huku ameushika ukuta.

Kiyoyozi kikawaka kwa bonyezo moja. Chumba kikapoa vizuri. Bisibisi akasimama katikati, mikono kiunoni.

"Yuko wapi yule fundi wenu? Mwiteni aje asome."

"Mkwe, leo na wewe umefaa," mama mkwe akasema kitandani. "Tuiandike hii siku." Akacheka, akakohoa, akasinzia.

Mke ndiye aliyeona kwanza. Kibao cha kiyoyozi cha kutolea upepo kilikuwa kinapanda na kushuka. Kifua cha mama kilikuwa kinapanda na kushuka. Pamoja.

"Kizime," akanong'ona.

"Mmeanza. Joto mnalalamika, baridi mnalalamika."

"Nimesema kizime!"

Bisibisi akabonyeza rimoti. Kibao kikasimama. Kifua kikasimama.

Binti akamtikisa mama yake. Akamwita. Midomo ya mama ilianza kugeuka rangi. Bisibisi akabonyeza tena, kidole kikiteleza. Kibao kikainuka. Kifua kikainuka.

"Shoti hiyo," akasema.

Mkewe akamtazama kama mtu anavyotazama mende kwenye sahani yake.

Ndipo mama akafungua kinywa, macho yakiwa bado yamefumbwa. Maneno yalitoka kibao kikishuka tu. Kikipanda, yalikatika.

"Aliyenipulizia... yuko wapi?"

Haikuwa sauti yake.

"Huyu... kifua chake... hakinitoshi."

Taa ya sebuleni ikapepesa. Umeme wa mtaa ule ulikuwa wa kuja na kuondoka unapotaka. Wote wawili wakaitazama taa, kisha kiyoyozi, kisha kitanda. Umeme ukikatika sasa, mama naye amekwenda.

"Wewe ndiye uliyeweka mdomo," mkewe akanong'ona. "Nenda."

"Niende wapi?"

"Unapajua."

Mama huyu alimdharau tangu siku ya posa, na miaka yote yeye alimlipa dharau kwa dharau. Taa ikapepesa tena. Akatoka mbio.

Nje jua lilikuwa kali. Akapiga magoti mbele ya bomba. Lilikuwa linahema. Akafumba macho. Akaweka midomo. Hakupuliza. Aliiachia tu pumzi yake ivutwe.

Ndani, umeme ukakatika. Kibao kikaganda. Mama akapiga chafya, akaketi, akaomba maji, akamuuliza binti yake analilia msiba wa nani.

Bisibisi aliingia kifua wazi, shati lake amelisokomeza bombani. Usoni alikuwa amepauka kama karatasi. Baada ya siku chache alirudi kwenye lori na kwenye kejeli zake, maana watu wa namna hii hawafundishiki.

Kisha ikaja asubuhi moja, wote watatu wako mezani. Mkewe akammiminia chai ya moto. Akainua kikombe akipulize, kama afanyavyo kila mtu. Mashavu yakavimba, midomo ikachongoka. Mvuke ukapanda wima. Akapuliza tena, kwa nguvu, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mvuke ukapanda wima.

Mama mkwe akaweka kijiko chini polepole.

"Chai gani hii haipoi?" Bisibisi akafoka, kikombe kikiwa bado mdomoni pake, na ule mvuke mbele ya maneno yake haukuyumba hata kidogo.