Kidole Kwenye Kopo la Chumvi

Walikutana kwenye foleni ya sukari, duka la ushirika la Temeke, mwaka ule vita vya Kagera vilipokwisha. Adelina kajifunga khanga mpya, lakini harufu ya ng'onda, samaki wakavu wa chumvi aliokuwa akiwauza sokoni, haijamtoka. Nyuma yake Ansbert, suruali imepigwa pasi ikanyooka.

"Dada, unanukia biashara."

"Na wewe unanuka hospitali. Afadhali samaki!"

Kweli alikuwa daktari, ndiyo kwanza karudi kutoka Ujerumani. Jamani, mapenzi hayana hodi! Mwezi haukuisha, akawa mtu wa kukaa mkekani kwa Adelina akimsimulia anavyojifunza kuunga mishipa ya kuku chini ya hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele.

"Mishipa ya mtoto ni midogo mno, mpenzi. Lakini inaungika."

"Nenda zako, fundi cherehani we!"

Rosalia, bintiye Adelina wa miaka minne, naye akicheka.

Asubuhi moja Rosalia alichezea kisu cha samaki. Kidole gumba kikaanguka chini. Adelina alikuwa mtu wa Lindi, kakulia kwenye mashamba ya chumvi, na alijua jambo moja: usichotaka kioze, kitie chumvi. Akakifukia kidole kwenye kopo la chumvi, akambeba mwanawe, akakimbia hospitali. Ansbert ataunga, alijiambia njia nzima.

Ansbert akafungua kopo.

"Chumvi! Mjinga gani kafanya hivi?"

"Mimi," akasema Adelina.

Ansbert alishona kwa saa saba, macho kwenye hadubini. Damu haikupita. Chumvi ilikwishaiua ile mishipa.

Wiki tatu Adelina hakumfungulia mlango. Lile neno lilimuuma, na kilichomuuma zaidi ni kwamba aliliamini. Jumapili Ansbert akaja tena, akasema kupitia mlangoni:

"Adelina, nilikueleza uzi, nikakueleza hadubini. Kwamba kidole kikikatika hufungwa kitambaa safi chenye majimaji, kikatiwa kwenye mfuko wa nailoni, nao ukawekwa juu ya barafu, sikukwambia hata siku moja. Mjinga ni mimi."

Rosalia akapenya uani, akatoka nje, akamshika Ansbert mkono kwa vile vidole vinne.

"Nataka nikuoe," akasema Ansbert. "Niwatunze wote wawili."

"Nitakupikiaje, mpenzi wangu? Tangu siku ile siwezi kushika chumvi."

"Basi tutakula chapwa."

Komeo likafunguliwa. Walilia pale pale kizingitini, na Rosalia akawa anawauliza wanalia nini.