Akiba Chini ya Kitanda

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 18 Septemba. Asubuhi hiyo upepo wa moto ulivuma mjini Kairuani kutoka upande wa jangwani, ukaingiza vumbi mpaka ndani ya vikombe. Jua lilikuwa limechomoza, lakini lilififia kama sahani ya shaba iliyokosa kusuguliwa.

Radhia alikwisha kuswali alfajiri na kumwomba Mungu riziki ya siku. Alichukua kikapu chake akaenda dukani kwa Lazhar. Wanawake walikuwa wamepanga foleni mpaka kona. Zamu yake ilipofika, Lazhar alimwonyesha viganja vitupu.

"Semolina imekwisha, mama Ibtisam. Labda Alhamisi."

"Alhamisi iliyopita ulisema labda Jumatatu."

"Nilisema labda. Hilo neno hukulisikia?"

Wanawake walicheka, ingawa hakuna aliyepata kitu. Semolina ni ule unga wa ngano wa chengachenga. Ndio unaofinyangwa kuwa kuskusi, na Kairuani arusi bila kuskusi si arusi. Radhia alikuwa na arusi mlangoni. Baada ya wiki tatu binti yake, Ibtisam, angeolewa na Anwar, mtoto wa huyo huyo Lazhar.

Radhia hakukata tamaa. Alikwenda mpaka duka la mtaa wa pili, akapata pakiti mbili. Aliporudi alipiga magoti kando ya kitanda na kuzisukuma chini, zikakae na nyingine zilizokuwapo.

Mumewe, Hedi, fundi wa pikipiki, alikuwa akinywa kahawa.

"Umepata?"

"Mbili tu. Kwa Lazhar imekwisha."

"Haikwishi, mke wangu. Inafichwa. Wewe kila ukiiona, nunua. Tuongezee aula."

Aula ni akiba ya mwaka. Kila kiangazi wanawake wa Kairuani hufinyanga kuskusi, huianika juu ya paa, kisha huiweka kwa ajili ya majira ya baridi. Radhia alijifunza kwa mama yake. Lakini aula ya mwaka huo ilikuwa imekwisha kukauka na kufungwa tangu Agosti. Hizi pakiti za sasa zilikuwa kitu kingine, ila nyumbani ziliendelea kuitwa jina lile lile.

Saa nne Radhia alipanda darini kuanua nguo kabla vumbi halijazichafua. Chini yake palikuwa na mkahawa, na sauti za wanaume zilipanda kama moshi.

"Kosa ni la serikali," alisema Munsif, kinyozi. "Inakopa ili ilipe madeni. Ipunguze matumizi, mambo yatanyooka."

"Ipunguze wapi?" mwingine alimjibu. "Ikiacha kulipia sehemu ya bei ya mkate, wewe utakula nini? Nywele?"

"Mvua, jamani," alisema mzee mmoja. "Mabwawa yamekauka. Ngano itoke wapi?"

Ndipo Radhia aliposikia kiganja kikipigwa juu ya meza. Aliujua mkono ule.

"Serikali, mvua, hadithi tupu," alisema Hedi. "Mnaogopa kusema kweli. Ni walanguzi. Wanaficha unga ili bei ipande. Wafungwe wote, kesho semolina itajaa. Mnataka jina? Huyo Lazhar ni mlanguzi."

Radhia alichungulia. Lazhar alikuwa amesimama mlangoni na mikate kwapani.

"Ahsante, baba Ibtisam," alisema polepole. "Basi usimpeleke binti yako katika nyumba ya mlanguzi. Arusi haipo."

Akageuka, akaenda zake. Mkate mmoja ulimponyoka njiani na hakurudi kuuokota.

Siku hiyo Ibtisam hakula. "Baba amebishana na nchi nzima miaka yote," alimwambia mama yake. "Alikosa mtu mwingine wa kumtaja?"

Alasiri Radhia alikwenda darasani. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa, na alikuwa akijifunza kusoma katika chumba kilicho nyuma ya msikiti. Mwalimu wao alikuwa Naziha, jirani yake, ambaye zamani alifanya kazi katika ofisi ya ushirika wa nafaka. Kila siku Naziha aliwauliza wanafunzi wanataka neno gani. Siku hiyo walijibu kwa sauti moja, "Mlanguzi."

Habari ilikuwa imekwisha kuzunguka mtaa. Radhia aliinamisha kichwa.

Naziha aliliandika neno ubaoni kwa herufi kubwa. "Haya. Mlanguzi ni nani?"

"Ni mtu anayeficha chakula wakati wenzake wanakitafuta," alisema mama mmoja.

"Akikiweka ghalani ni mlanguzi?"

"Ndiyo."

"Akikiweka chini ya kitanda?"

Mama mmoja akaanza kucheka, akafuatwa na mwingine.

"Mwalimu, hiyo ni aula," alisema Radhia, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

"Aula tunaiweka wakati wa mavuno, unga ukiwa mwingi," alisema Naziha. "Hainyimi mtu. Lakini sasa lori linaleta unga wa kutosha nyumba zote za mtaa, pakiti mbili kila nyumba. Mimi nikichukua nne kwa hofu, mwenzangu anakosa. Kesho naye akiona, anachukua nne. Duka linabaki tupu, na tunasema mwenye duka ameficha."

"Kwa hiyo shida yote ni sisi?" aliuliza mama mmoja.

"Hapana, ndugu yangu. Ngano nyingi tunainunua ng'ambo kwa pesa za kigeni, na pesa hizo ni chache. Ukame nao umepunguza mavuno yetu. Serikali inakawia kulipa, meli inangoja bandarini. Na walanguzi wakubwa wapo, hao washtakiwe. Wale wanaume wa mkahawani kila mmoja ana kipande cha ukweli. Kosa lao ni kwamba kila mmoja anadhani kipande chake ndicho mkate mzima."

"Na dawa yake?" aliuliza Radhia.

"Zipo nyingi, na wasomi wenyewe wanabishana. Kubishana si dhambi. Lakini kabla ya kumtaja mtu jina, jiulize: hili nimelijuaje? Halafu fanya lile lililo ndani ya uwezo wako."

Radhia alirudi nyumbani. Aliswali, akakaa juu ya mswala muda mrefu akimwomba Mungu ampe ujasiri. Kisha alizivuta pakiti zote kutoka chini ya kitanda na kuzipanga katikati ya chumba.

Hedi aliingia, akasimama.

"Vyote hivi ni vyetu?"

"Ni vyetu. Nimenunua mimi, amenunua Ibtisam, na wewe ukitoka kazini ulikuwa huji mikono mitupu."

"Ni aula, mama Ibtisam."

"Lazhar angekuwa navyo ungeviitaje?"

Hedi aliokota pakiti iliyochanika. Vidudu vidogo vyeusi vilikuwa vikitembea ndani ya unga.

"Hata hawa wamealikwa arusini," alisema Radhia.

Hedi alikaa sakafuni. Alijaribu kukunja uso, lakini kicheko kilimshinda. Kisha kicheko kikaisha, akabaki akiutazama unga. "Nimemwaibisha mtu bure," alisema.

Kesho yake aliacha nyumbani unga wa kutosha arusi, akazibeba pakiti nzima zilizobaki juu ya pikipiki mpaka dukani kwa Lazhar. "Wagawie waliokosa," alisema. "Na unisamehe."

Lazhar alizipokea pakiti, akazipanga rafuni. Hakumtazama.

"Hapa tuko wawili tu," alisema. "Lile neno hukulisema mbele ya mtu mmoja. Lirudishe kule kule ulikolitoa."

Wakati huo Radhia na wenzake wa darasani walipita mlango kwa mlango wakiongea na wanawake wa mtaa. Walikubaliana kila nyumba ichukue pakiti mbili tu. Wengine walinuna. Mmoja alisema yeye hana kitanda, analala chini, kwa hiyo hayamhusu. Lakini lori lilipokuja Alhamisi, Radhia alisimama dukani tangu asubuhi kuona kwamba hakuna anayechukua zaidi ya mbili. Jioni rafuni zilibaki pakiti tano. Lazhar alizigusa moja moja kama mtu asiyeamini macho yake.

Ijumaa, baada ya sala, mkahawa ulijaa. Lazhar alikuja na Anwar, wakakaa karibu na mlango. Radhia na Ibtisam walikuwa juu darini, safari hii bila nguo za kuanua.

Hedi alisimama. Mikono yake ilikuwa imeoshwa, lakini oili haikutoka kwenye kucha.

"Jumatatu nilisema Lazhar ni mlanguzi," alianza. "Sikuwa na ushahidi. Semolina iliyofichwa mtaa huu niliijua ilipo. Ilikuwa chini ya kitanda changu."

"Kumbe," alisema Munsif. "Ndiyo maana siku hizi ukiamka kichwa kinagonga dari."

Mkahawa mzima ulicheka. Lazhar naye alicheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mwili wote. Alivuta kiti kando yake na kukipiga kwa kiganja.

"Njoo ukae, mkwe. Arusi ipo. Lakini kwanza wape ahadi, hawa wote ni mashahidi."

Kule juu, Ibtisam aliushika mkono wa mama yake. Hedi aliweka kiganja kifuani.

"Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu. Juu ya uchumi nitabishana nanyi mpaka kahawa iishe mjini. Lakini sitamtaja mtu jina kabla sijajua, na kabla sijainama kuangalia chini ya kitanda changu mwenyewe."