Kufuli Lisilovunjwa

Soko limefurika, jua linachoma utosi, na binti mmoja mwenye gauni la kijani lililomkaa mwilini barabara anaupiga mateke mlango wa duka lake la ushonaji. Kufuli amelibana mwenyewe, ufunguo kausahau ndani, na bibi harusi aliyekuja kuchukua gauni lake yuko nyuma yake analia.

"Dada, mlango umekukosea nini?"

Aligeuka. Kijana mrefu, ovaroli ina mabaka ya grisi, kipande cha waya mdomoni.

"Kama huna kazi, nipishe."

"Ninayo. Mimi fundi makufuli."

Akachomeka waya, akainamisha sikio. Tiki! Kufuli likaachia bila hata mkwaruzo.

"Kumbe mwizi!" binti akasema, lakini anacheka.

"Mwizi huiba, dada. Mimi sijaiba kitu." Akamtazama usoni. "Labda nianze leo."

Ndivyo yalivyoanza. Kijana akamwita binti Sindano, naye akaitwa Komeo. Tatizo ni kwamba Komeo alikuwa mtu wa juu ya barabara kuu, Sindano wa chini. Lugha ya nyumbani mbali, ibada mbali, hata makaburi mbali. Kuuziana vitunguu watu wa pande hizo waliuziana vizuri tu. Kuoana? Thubutu!

Kwa hiyo walipendana nyuma ya majora ya vitambaa, katika duka la Sindano, lililokuwa upande wa juu walikokaa wateja wake. Komeo alimtengenezea kufuli jipya, funguo mbili tu.

"Mmoja kaa nao wewe," Sindano alimwambia. "Mimi nitaufungia ndani tena."

"Mpenzi, nikuoe lini?"

"Siku utakayovuka barabara mchana kweupe, upite mbele ya mama na kaka yangu, watu wote wakuone. Siyo kuninyatia kama panya."

"Kaka yako ataniua!"

"Basi baki huko na waya wako." Alicheka, lakini hakuwa na mzaha.

Kisha ukaja ugomvi wa nani awe mwenyekiti wa soko. Neno likazaa tusi, tusi likazaa jiwe. Wa chini waliokuwa na maduka juu wakakimbilia kwao. Alasiri hiyo vijana wa juu walichoma safu nzima, na duka la Sindano halikusalimika.

Asubuhi alikwenda kuangalia na kaka yake. Majivu, na harufu ya nguo zilizoungua. Cherehani haipo. Kaka akaokota kufuli kizingitini, akaligeuzageuza.

"Mengine yote wameyavunja kwa nyundo. Hili limefunguliwa. Nani mwingine ana ufunguo?"

Sindano akapiga simu hapo hapo.

"Komeo, nijibu neno moja. Duka langu ulilifungua, hukulifungua?"

"Nilifungua, lakini..."

"Lakini nini?"

"Siwezi kusema sasa, mpenzi."

"Usiniite mpenzi, mwizi wewe!" Akakata, akaifungia namba yake. Alilia mpaka mama yake akaogopa.

Asichokijua ni kwamba Komeo, na simu sikioni, alikuwa amekaa goti kwa goti na kaka yake mwenyewe, na huyo kaka ndiye aliyeshika kibiriti. Angesema neno, asingetoka chumbani mle mzima.

Siku zikapita. Barabarani yakawekwa matairi, huku vijana wa juu, huko wa chini, na katikati lami tupu ambayo hata mbwa aliiogopa.

Halafu, jua likiwa katikati ya kichwa, mtu akatoka upande wa juu akisukuma mkokoteni uliofunikwa turubai. Nyuma yake walimzomea, "Msaliti! Msaliti!" Jiwe likampata begani. Hakugeuka.

"Simama hapo!" Kaka yake Sindano akaruka matairi, rungu mkononi. "Umetuletea moto mwingine?"

Komeo akavuta turubai. Cherehani. Magauni ya wateja yamekunjwa vizuri, hata sufuria ya vifungo ipo. Watu wakasogea kuona. Sindano akapenya katikati yao, kanga moja, macho yamevimba.

"Nilisikia wanakuja kuchoma," Komeo akamwambia. "Nikakupigia, hukupatikana. Nikafungua, nikabeba nilichoweza, nikavificha karakanani chini ya mabati."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kaka yangu alikuwa ananisikiliza. Ndiye aliyechoma."

"Na leo?"

"Leo kaniona nikivuka. Kasema nisirudi."

"Umeshusha mzigo, asante," kaka wa Sindano akasema, rungu bado juu. "Sasa ondoka. Hapa si kwenu."

"Kwao ni wapi basi?" Alikuwa mama, amesimama nyuma ya matairi, mikono kiunoni. "Nionyeshe, mwanangu. Huko wanakomrushia mawe?"

Kaka akatazama upande wa juu, akatazama bega la yule kijana linavyovuja damu. Hasira haikumwisha.

"Weka hilo rungu, ushike huku," mama akasema. "Cherehani ni nzito."

Akalitupa rungu kwa kishindo, akashika. Salamu hakutoa.

Komeo akatoa ufunguo mfukoni. "Wako huu. Mlango wake haupo tena."

Sindano akaupokea, akaufinya kiganjani. Machozi yakamshinda, akayaacha yashuke mbele ya watu wote. Kisha akaurudisha mkononi mwa Komeo na kuukunja mkono ule kwa mikono yake miwili.

"Kaa nao wewe," akasema. "Mimi nitaufungia ndani tena."