Mistari Mitatu ya Mama

Kila Jumamosi asubuhi Boke alikandika kuta za nyumba ya bibi yake, Rhobi, katika kijiji kilicho karibu na Sirari. Alichanganya udongo na mavi ya ng'ombe, akaziba nyufa zote, lakini ukuta wa mlangoni hakuugusa. Hapo palikuwa na alama za vidole vya mama yake, Felista, aliyevuka mpaka kwenda Kehancha, nchini Kenya, kumwuguza dada yake. Alama hizo zilikwenda mistari mitatu mitatu, kwa kuwa mama alipoteza kidole kidogo utotoni. Miezi tisa ilikuwa imepita. Kabla ya kwenda shuleni, Boke alizoea kupitisha vidole vyake ndani ya mistari hiyo.

Mwezi wa Julai msanii aitwaye Nelson alifika shuleni. Alitaka wanafunzi wa pande zote mbili za mpaka wakandike udongo juu ya mbao, kisha wachore alama za kuta za kwao. Mbao hizo zingesimamishwa pamoja sokoni Kehancha.

"Tusiandike jina wala nchi," alisema. "Atakayetazama aseme mwenyewe ni za wapi."

Boke alifikiri moyoni, mama atapita sokoni. Akaanza kuchora mistari mitatu mitatu. Werema, aliyeketi karibu naye, akacheka.

"Dada, ukuta wenu una mapengo?"

Boke aliona haya. Akaongeza mstari wa nne kila mahali. Nelson alipomwuliza kuhusu mistari hiyo, Boke alijibu, "Ndivyo anavyokandika mama." Nelson akausifu ubao huo, akauweka mbele ya mbao zote.

Ijumaa wazazi walialikwa kuzitazama mbao. Bibi Rhobi aliupita ubao wa Boke bila kusimama, akaenda hadi mwisho, kisha akarudi.

"Mjukuu wangu, wako haukuletwa?"

"Ni ule wa kwanza, Bibi."

Bibi akausogelea. "Ule ni ukuta wa nani?"

Boke akaihesabu mistari yake: minne minne. Ikiwa bibi, anayeuona ukuta ule kila siku, ameupita ubao, basi mama naye angeupita. Alimwendea Nelson.

"Shikamoo, mwalimu. Nilikudanganya. Mama hana kidole kidogo. Mistari yake ni mitatu."

"Marahaba. Udongo umekwisha kukauka. Itakupasa uukwangue wote, na ubao wako, ukiwa bado mbichi, utakaa nyuma kabisa. Gari linaondoka kesho."

"Hata nyuma atauona."

Alikwangua na kukandika upya hadi jioni.

Baada ya wiki mbili mbao zilirudi. Chini ya mistari ya Boke palikuwa na safu nyingine ya mistari mitatu mitatu, mipana zaidi, ya udongo mwekundu usio wa kwao. Boke akaweka vidole vyake humo. Vilikuwa vidogo mno.

"Mwanamke mmoja aliomba udongo na maji," Nelson alisema. "Alikaa mbele ya ubao huu hadi soko likafungwa. Alisema mgonjwa bado hawezi kuachwa."

Werema alimsaidia Boke kuubeba ubao hadi nyumbani, wala hakucheka. Bibi Rhobi akauegemeza mlangoni.

"Mama yako hakutafuta mchoro mzuri," alisema. "Alitafuta kile anachokijua. Ukisema uongo juu ya kwenu, hata kwa kuona haya, unamfungia njia anayekutafuta. Haya, kalete maji. Ukuta wa nyuma una nyufa."