Alama ya Wino Kiunoni mwa Mama

Kila alipotoka shule, Pini alivua sare, akala chapuchapu, kisha akakaa kwenye kigoda chake kando ya cherehani ya mama yake. Pini halikuwa jina lake la darasani. Wateja ndio waliompachika, kwa sababu alikuwa mwembamba na mdomo wake ulichoma. Kazi yake ilikuwa moja, na hakutaka mtu amwingilie: kufuta chaki. Kila gauni lililokwisha kushonwa lilipita kwake, naye akalipitishia kitambaa chenye unyevu mpaka mistari yote ipotee.

“Nguo yenye chaki haijaisha,” mama alipenda kusema. “Mteja akiona mstari, atadhani tumelipua kazi.”

Lakini siku hizi cherehani ilikuwa kimya mno. Mama alikuwa amepata saratani ya mfuko wa uzazi. Alianza kutokwa na damu wakati usio wake, akanyamaza akidhani itakoma yenyewe, mpaka mdogo wake, yaani mama mdogo wa Pini, alipomkokota hospitali. Madaktari walimfanyia upasuaji, wakautoa mfuko wote. Mama alirudi nyumbani, kidonda kikapona, na Pini akashangilia kwamba mambo yamekwisha.

Kumbe bado! Daktari alisema mama anahitaji tiba ya mionzi. Huenda kuna chembe za saratani zilizobaki, ndogo hata hazionekani kwa macho, na mionzi ingeziua kabla hazijakua tena.

“Si walishautoa?” mama aliwaka. “Wanatafuta nini tena tumboni mwangu? Mimi mashine ninayoijua ni ya kushonea tu, basi!”

Alikuwa anaogopa, maskini. Mteja mmoja alimwambia kuwa mionzi inamchoma mtu kama pasi. Mama mdogo alimbembeleza weee, mpaka akakubali kwenda kupimwa. Siku hiyo alirudi amechoka hoi, akameza dawa yake, akajilaza ubavu kwenye mkeka. Pini hakuambiwa lolote, ila kwamba kesho mama atarudi hospitali. Mama alisema mambo ya ugonjwa ni ya watu wazima.

Pini alichukua shuka amfunike. Ndipo akaona kiunoni, pale blauzi ilipopanda, mstari wa wino wa zambarau umekatizwa na mwingine. Akaguna. Fundi mzima ana mistari mwilini! Na kesho anarudi hospitali, manesi watamwonaje? Akaleta kitambaa chake na sabuni, akafuta. Wino ulikuwa mkaidi, lakini Pini naye alikuwa mkaidi. Mama alijigeuza kidogo tu, akasema kwa sauti ya usingizi, “Asante mwanangu, unanikanda vizuri.” Pini akavimba kichwa.

Haikuchukua muda. Jioni, walipokuwa jikoni wakimenya viazi, mama mdogo alisema, “Sikia, Pini. Ukimsaidia mama yako kuoga, usimsugue kiunoni. Wamemchora alama pale ili mashine ilenge panapotakiwa. Ikifutika, mionzi itapigwa wapi?”

Kisu kikamponyoka Pini.

“Una nini wewe?”

“Hamna kitu, mama mdogo. Kimeteleza.”

Alikwenda moja kwa moja kwenye boksi la vifaa vya cherehani, akatoa kalamu ya kuchorea vitambaa. Rangi yake ilikaribiana sana na ule wino. Tena mkono wake ulikuwa mzuri, hata mama humwachia achore mistari ya pindo. Angechora upya mama akiwa amelala, na hakuna ambaye angejua. Lakini mstari ulikuwa wapi hasa? Juu ya mfupa au chini yake? Pini alikumbuka gauni moja ambalo alilifuta mstari kabla halijakatwa, akachora mwingine kwa kukisia. Liliharibika kabisa, ikabidi mama atafute kitambaa kingine.

Safari hii hakukuwa na kitambaa kingine. Mama ni huyu huyu mmoja. Pini aliirudisha kalamu, akaenda chumbani machozi yakimtiririka.

“Mama, nimefuta alama yako. Nilidhani ni uchafu. Nisamehe, mama.”

Mama alifunua blauzi, akatazama. Lilibaki doa hafifu tu. Pini alingoja kofi, lakini mama alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

“Basi, yamekwisha,” alisema. “Siendi tena.”

Hilo lilimuuma Pini kuliko kofi. Alitafuta la kusema, akapata la kazini kwao.

“Mama, wewe ukishakata kitambaa, unauacha ukingo hivyo hivyo?”

“Niuache? Nyuzi si zitaachia zote?”

“Sasa daktari ameshakata. Mbona unamzuia asimalizie ukingo?”

Mama mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni na kiazi mkononi, akaangua kicheko. “Haya, mjibu mwanao!”

Mama alimvuta Pini kifuani. “Naogopa, mwanangu. Naogopa sana.”

“Hata mimi naogopa, mama. Twende wote.”

Asubuhi walikwenda wote watatu. Mtaalamu wa mionzi, mama mmoja mnene mwenye miwani, alimsikiliza Pini hadi mwisho, hata aliposimulia habari ya kalamu.

“Umefanya vyema kusema,” alimwambia. “Ungechora mwenyewe, tungeweza kupiga mahali pasipohusika. Tutampima upya.”

“Itamchoma kama pasi?”

“Hapana. Anapopigwa hasikii kitu, kama mtu anayepigwa picha. Baadaye atachoka, na tumbo au ngozi vinaweza kumsumbua. Vikimsumbua, atuambie mapema, asivumilie.”

“Na nikimkumbatia?”

“Mkumbatie mpaka akufukuze! Mionzi hii haibaki mwilini, wala haiambukizi.”

Wiki za matibabu hazikuwa lelemama. Mama alichoka, tumbo likamwendesha, na nguo za wateja zikasubiri. Siku nyingine alinuna tangu asubuhi. Lakini kila zamu yake ilipofika, alikwenda.

Siku aliyomaliza, aliketi kwenye mkeka, akaita, “Pini! Kitambaa chako kiko wapi?”

Pini alimwangalia kwa wasiwasi. “Mtaalamu ameruhusu?”

Mama akacheka mpaka akashika tumbo. “Ameruhusu. Nitakuwa narudi kliniki kuangaliwa, lakini alama haina kazi tena. Kwa maji tu, usisugue.”

Pini alilowesha kitambaa, akaanza kufuta taratibu. Mama alimtazama, kicheko kikamtoka usoni.

“Damu ilipoanza nilinyamaza, nikajichelewesha,” alisema. “Kuhusu alama nikakunyamazia wewe, ukaifuta. Wewe ulikosea lakini ukasema, na kusema kwako ndiko kulikonipeleka hospitali. Mwanangu, ukikosea, sema. Ukiumwa, sema. Tena sema mapema, watu wapate nafasi ya kukusaidia.”

“Sawa, mama.”

“Bado kuna mstari?”

Pini aliinama, akakagua kwa makini kama anavyokagua gauni la mteja.

“Hamna, mama. Sasa imeisha.”